Kimo cha Rinai

Koto Tinggam, Payakumbuh
12 Aprili 1987

Mjomba Datuk,

Assalaam alaykum. Nakuandikia nikitumaini kwamba jicho limetulia na kwamba mjukuu wako Desmita anakupikia chakula kisicho na pilipili nyingi, ingawa najua unamnung'unikia kwa ajili hiyo. Sisi hapa nyumbani ni wazima. Paa la upande wa mlimani limeacha kuvuja tangu mume wangu Zulbahri alipobadilisha bati, na mpunga wa shamba la chini umeanza kutoa masuke.

Nina ombi moja. Rinai amekua. Utamkumbuka alipokuwa kitoto mwenye miguu mirefu kuliko akili, yule ambaye mama yake alinunuliwa na marehemu mama kwa mpunga wa nyumba hii. Sasa ni farasi jike kamili, mwenye kifua kipana, na Zulbahri humkimbiza kila asubuhi kabla jua halijawa kali. Anataka kumwingiza katika mashindano ya baada ya mavuno, katika daraja la chini. Tatizo ni kwamba tulipompima nyumbani, alizidi kimo cha daraja hilo kwa upana wa vidole viwili. Akiingia daraja la kati atakutana na wale machotara wa madume ya kigeni, nao watampita kana kwamba amefungwa mtini. Zulbahri anasema tusihofu. Mpaka siku ya kupimwa atakuwa amepungua.

Alilisema hilo kwenye kibanda cha kahawa, na tangu hapo watu hawaachi kumtania. Mzee Jamaran alimshauri amfue kwa maji ya moto, kwa kuwa shati lake la Idi lilipungua vivyo hivyo. Zulbahri alicheka pamoja nao, lakini alirudi nyumbani kabla ya kumaliza kahawa yake.

Farasi ni wa nyumba yetu, na wewe ndiye msemaji wa nyumba. Naomba ruhusa yako.

Mpwa wako,
Yusmaini


Jakarta
23 Aprili 1987

Mpwa wangu Yusmaini,

Wa alaykum salaam. Barua yako imefika, nami namshukuru Mungu kwa habari za afya zenu na za paa. Jicho la kulia linaona mwanga na vivuli tu. La kushoto ndilo ninaloandikia. Daktari amesema atalipasua hilo la kulia baada ya Idi. Chakula cha Desmita ni cha hospitali, lakini nakila.

Ama kuhusu Rinai. Farasi anaweza kukonda, anaweza kuzeeka, anaweza kufa, lakini hapungui kimo. Nilisimama na fimbo ya kupimia katika uwanja huo tangu wewe hujazaliwa, na sikuona hata mmoja aliyepungua. Niliowaona ni wale waliopunguzwa. Kwa hiyo jibu langu ni hili: aingie daraja la kimo chake, au abaki nyumbani ale majani. Akipitwa na machotara hakuna atakayemcheka, kwa sababu kila mtu ana macho ya kuona ukubwa wao.

Nataka pia kujua ni nani anayemkata kwato, na anazikata kwa kiasi gani.

Zulbahri ni mtu mwema, na paa lisilovuja linathibitisha hivyo. Hata hivyo, mume katika nyumba ya mkewe ni mgeni wa heshima, na mgeni wa heshima hapangi mali ya wenyeji. Sehemu hii usimsomee.

Mjomba wako,
Datuk Sinaro


Koto Tinggam
20 Mei 1987

Mjomba Datuk,

Assalaam alaykum, na Mungu aipokee saumu yako. Daktari asikusikie unafunga. Huku tunafunga vizuri kwa sababu mvua imerudi jioni na hakuna joto. Watoto wa jirani wanakusalimu.

Ile sehemu uliyosema nisimsomee, Zulbahri alikuwa amesimama nyuma yangu nikiisoma. Alikwenda zizini akakaa huko mpaka adhana ya magharibi.

Umeuliza habari za kwato. Anazikata mwenyewe. Amezikata fupi, kwa maelezo kwamba ukwato mrefu humchelewesha farasi. Rinai anatembea kama mtu aliyevua viatu kwenye kokoto, lakini Zulbahri anasema atazoea.

Jambo la kupendeza ni kwamba Rinai amekuwa mpole. Kila asubuhi anapokula pumba, Zulbahri humshushia fimbo ya kupimia, ule ubao wake wa pembeni unaoitwa mkono ukalala juu ya mabega, ili asiishtukie siku yenyewe. Sasa ukimgusa tu pale juu, Rinai hupinda miguu ya nyuma na kubonyeza mgongo, akashuka kama bibi harusi anayewasalimu wakwe. Wapita njia husimama kumtazama. Na akishuka hivyo, anaingia daraja la chini bila wasiwasi.

Mjomba, wenzake Zulbahri wana maduka Pekanbaru, na yeye hapa anajulikana kwa jina langu tu, mume wa Mai. Hajawahi kuwa na kitu cha kusifiwa nacho. Siku hizi jioni, kwenye kibanda cha kahawa, wanamwita kwa jina la heshima alilopewa tulipooana, Sutan Pamenan, na wanamsogezea nafasi kwenye benchi. Naomba ulifikirie tena.

Mpwa wako,
Yusmaini


Jakarta
1 Juni 1987

Mpwa wangu Yusmaini,

Wa alaykum salaam. Nawatakia Idi njema, ijapokuwa barua itawafikia mkiwa mmekwisha kula wali wa sikukuu uliopikwa ndani ya mianzi. Mimi ni mzima kwa kiasi cha umri wangu.

Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara ya pili nilisimama dirishani ili nisikosee. Uliyoyaeleza si adabu wala upole. Farasi haogopi ubao mtupu. Igeuze fimbo ile utazame upande wa chini wa mkono wake. Utakuta ncha ya msumari, au ncha ya sindano ya kushonea magunia. Kisha pitisha vidole juu ya mabega ya Rinai, kinyume cha mlalo wa manyoya. Utakuta magamba ya damu. Anashuka kwa sababu anachomwa, na mtu aliyemchoma anajua kwamba siku ya kupimwa hahitaji tena msumari. Fimbo yoyote itatosha.

Kwato nazo hukatwa kwa sababu hiyo hiyo. Unapunguza chini, unapunguza juu, na vidole viwili vimepatikana. Lakini farasi aliyekatwa mpaka karibu na nyama hukimbia juu ya kidonda, na uwanja ule mwezi wa Julai ni mkavu kama sakafu. Miguu ya mbele ikiharibika, unajua wanunuzi ni akina nani. Mmoja ni mwenye gari la farasi la sokoni, ambaye atamtembeza kwenye lami mpaka aanguke. Mwingine ni yule bwana anayekuja siku ya mnada, anayenunua farasi wabovu na hasemi anawapeleka wapi.

Kwa hiyo, Rinai asiingie mashindano yoyote mwaka huu. Hilo ni neno langu kama msemaji wa nyumba. Nawe uniandikie ulichokiona kwa macho yako, si ulichoambiwa.

Wiki ijayo napasuliwa jicho. Watanifunga kitambaa na Desmita ndiye atakayenisomea barua. Andika bila kuona haya. Nimemwonya asicheke.

Mjomba wako,
Datuk Sinaro


Jakarta
6 Julai 1987

Mpwa wangu,

Salamu. Mkono huu ni wa Desmita. Maneno ni yangu. Jicho limepasuliwa, kitambaa bado hakijatolewa. Kila siku namwuliza kama posta imekuja. Ananiambia imekuja, lakini si kutoka kwenu.

Je, uliitazama ile fimbo?

Mjomba wako,
Datuk Sinaro


Koto Tinggam
21 Julai 1987

Mjomba Datuk,

Assalaam alaykum. Namwomba Mungu kwamba kitambaa kimetolewa na unaisoma barua hii mwenyewe. Kama ni Desmita anayesoma, basi, mwanangu, soma polepole na usiruke kitu.

Niliitazama fimbo siku ile ile barua yako ilipofika. Ilikuwa sindano ya magunia, imekatwa na kupigiliwa kwa ustadi, ncha haizidi punje ya mchele. Kwenye mabega ya Rinai nilikuta magamba, mengine mabichi. Sikugombana. Niliuvunja ule mkono wa ubao nikautia motoni, nikamchemshia Zulbahri kahawa. Alipomaliza kunywa ndipo nikamwambia amekunywa nini.

Aliinamisha uso. Aliniomba nisikuandikie, akaahidi kwamba hatamgusa tena na kwamba kwato zitaota. Nilidhani jambo limekwisha. Fimbo haipo, niandike nini tena, nimshitaki mtu ninayekula naye sahani moja? Nikanyamaza. Lile neno lako kwamba asiingie mashindano nilimsomea pia. Alisema, "Sawa." Sasa najua ilikuwa sawa ya mtu anayetaka uondoke mlangoni.

Siku ya kupimwa alimtoa Rinai alfajiri, akasema anampeleka mtoni. Alirudi adhuhuri, uso unang'aa. Nilimwuliza kama farasi amepimwa.

"Amepimwa."

"Amepimwaje?"

"Vizuri."

"Vizuri vipi?"

"Mai, pakua wali."

Niliupakua. Ndivyo ilivyokuwa.

Siku ya mashindano nilikwenda. Mpanda farasi alikuwa kijana wa Batusangkar aitwaye Syafril, hodari, ila hakuwahi kumpanda Rinai kabla ya siku hiyo. Nyumbani Zulbahri humpanda kwa kushika hatamu tu. Syafril ana mtindo wa watu wa kwao: wakiwa kwenye mstari wa kuanzia, hushika manyoya ya shingo na kukaza ngumi pale pale juu ya mabega. Alipokaza, Rinai alishuka. Alipinda miguu ya nyuma, mgongo ukabonyea, na Syafril akateleza mpaka shingoni. Watu walicheka. Walidhani farasi ni mvivu. Wakaanza upya, akashuka tena. Mara hii wakacheka zaidi, na mtu mmoja akapiga kelele kwamba bibi huyo anatafuta kiti.

Mzee Jamaran alikuwa ameegemea uzio karibu nami. Hakucheka. Alisema, wala si kwa sauti kubwa, "Huyo hakai. Huyo anapimwa."

Waliokuwa karibu walisikia, wakawaambia waliokuwa mbali. Mjomba, sijui nikueleze vipi jinsi kicheko kinavyokatika uwanja mzima. Yule bwana aliyechukua nafasi yako, aliyempima, aligeuka akamtazama Zulbahri. Kisha akanitazama mimi, kwa sababu anajua mimi ni mpwa wa nani.

Mara ya tatu Syafril aliachia manyoya na Rinai akatoka. Alikimbia vizuri sana. Aliongoza mpaka kwenye kona ya magharibi, pale penye udongo mgumu, ndipo hatua zake zikavunjika. Alimaliza wa nne, akichechemea, na damu ilikuwa imezunguka kwato zote mbili za mbele. Kamati ya mashindano ilifuta matokeo yake. Zulbahri alimshika kamba akamrudisha nyumbani kwa miguu, njia nzima, na hakuna aliyefuatana naye isipokuwa mimi.

Sasa amelala zizini, hataki kusimama. Yule bwana wa mnada amekwisha kuja mara moja. Zulbahri anataka kumwuza haraka ili watu wasiendelee kumwona. Anasema hawezi kupita mbele ya zizi. Nimemwambia hawezi kuuza bila neno lako, wala wewe huwezi bila langu, na langu sitoi. Naomba na lako usitoe.

Mpwa wako,
Yusmaini


Jakarta
2 Agosti 1987

Mpwa wangu Yusmaini,

Wa alaykum salaam. Kitambaa kimetolewa na barua nimeisoma mwenyewe. Naona vizuri kuliko nilivyotarajia.

Rinai hatauzwa. Mnunuzi yeyote akija, mpe maji ya kunywa na umwambie hivyo.

Mtoe zizini, kwa maana sakafu ya mbao ni ngumu kwake. Mpeleke kwenye shamba la chini lililovunwa. Acheni maji yabaki kiasi cha kifundo cha mguu. Tope litapoza kwato na kumbeba bila kumwumiza. Asitoke huko ila kwa kulala pakavu. Mwombeni Mzee Jamaran azitazame kwato kila mwanzo wa mwezi, na mtu mwingine asizitie kisu. Hatakimbia mashindano tena, hata akipona. Mwili wake umejifunza jambo ambalo litamwangusha yeye na mpandaji wake.

Nimeipelekea kamati telegramu. Nimewaambia kwamba kimo kilichoandikwa cha farasi wa nyumba yangu ni cha uongo, na kwamba nyumba yangu haitaleta farasi uwanjani mpaka watakapoona inafaa. Wamejibu kwa heshima. Wanataka kimo chake cha kweli ili wakiandike mahali pa kile cha uongo. Mtakitafuta atakapopona.

Limebaki la Zulbahri. Simfukuzi, na sitaki wewe umfukuze. Lakini mkono uliomfundisha Rinai kuogopa ndio utakaomfundisha kutoogopa. Kila siku ataweka kiganja chake kitupu pale juu ya mabega, atakiacha hapo, na ataondoka bila kudai kitu. Hatapewa msaidizi. Siku Rinai atakapobaki amesimama chini ya kiganja hicho, aniandikie mwenyewe.

Sehemu hii msomee.

Mjomba wako,
Datuk Sinaro


Koto Tinggam
30 Agosti 1987

Mjomba Datuk,

Assalaam alaykum. Tumefurahi kwa jicho lako. Sisi ni wazima.

Nilimsomea. Alisikiliza mpaka mwisho, akachukua sarungi zake mbili za kujifunga, akaenda kwa mama yake. Sikumtuma mtu kumfuata. Tulimpeleka Rinai shambani mimi na Mzee Jamaran, tukimsukuma na kumbembeleza, na alipokanyaga tope alisimama akapumua kwa nguvu mpaka maji yakatikisika. Jamaran alisema ndiyo mara ya kwanza ameona farasi akifurahia kuchafuka.

Zulbahri alirudi Ijumaa baada ya sala, akiwa na gunia la pumba begani. Aliliweka chini, akasema, "Mjomba wako ana haki. Ila yule farasi ananiogopa, Mai. Akinisikia nakohoa tu anasogea."

Nikamwambia, "Basi anzia hapo kwenye kukohoa."

Ameanza. Hataki nitazame, kwa hiyo sina zaidi la kukueleza.

Mpwa wako,
Yusmaini


Koto Tinggam
15 Novemba 1987

Mheshimiwa Mjomba Datuk,

Assalaam alaykum. Natumaini wewe, Desmita na wote wa nyumba hiyo hamjambo. Sisi huku hatujambo, na Mai anakusalimu. Sijawahi kukuandikia kwa sababu sikujua nianzie wapi, na hata leo naanza vibaya. Unisamehe.

Kwato za Rinai zimeota. Mzee Jamaran amezikata kidogo sana pembeni, na anasema ukwato mpya umeshuka mzima, bila ufa. Anatembea shambani bila kuchechemea. Amezoeana na bata wa jirani, wanamfuata nyuma wakila wadudu anaowafukua. Kwenye kibanda cha kahawa wananiuliza kama nimeacha farasi nikaingia kwenye biashara ya mayai. Hawanisogezei tena nafasi kwenye benchi. Nakunywa nikiwa nimesimama, na kahawa ni ile ile.

Mwanzoni hakukubali nimkaribie. Nilisimama katikati ya shamba na kiganja wazi mpaka miguu ikaganda topeni, naye alisimama upande wa pili akinitazama. Baadaye alikubali mkono shingoni. Kutoka shingoni mpaka mabegani ni mwendo mfupi kwa macho, lakini mimi ulinichukua karibu msimu wote. Kila nilipofika pale alishuka. Niliondoka kama ulivyoagiza. Siku nyingine nililia nikiwa njiani, na namshukuru Mungu kwamba pale hakuna wapita njia.

Jumatano iliyopita niliweka kiganja na hakushuka. Nilidhani hajanisikia. Nikabonyeza kidogo. Aligeuza kichwa, akanitazama, akaendelea kula. Alhamisi, vivyo hivyo. Mpaka leo hajashuka.

Ama kuhusu kimo kinachotakiwa na kamati. Nilichonga fimbo mpya, laini, nikaipitishia kiganja pande zote ili niwe na hakika. Alipoiona tu, kabla haijamgusa, alishuka mpaka tumbo likakaribia maji. Nikaivunja. Sidhani kwamba atakuja kusimama mbele ya fimbo, na mimi sitamwomba.

Kwa hiyo nimempima kwa njia nyingine. Nilimtoa nikampandisha kwenye sakafu ya mbao ya zizi, nikasimama kando yake wima, bila viatu, kiganja changu kikiwa juu ya mabega yake, naye hakushuka. Anafika kidevuni pangu. Mai ameshuhudia. Naomba uwaandikie kamati hivyo hivyo. Wakisema hicho si kipimo, waje na fimbo yao wanipime mimi.

Mkwe wako,
Zulbahri